Nilivyochagua rimu za inchi 18 baada ya kufunga breki kubwa

Gari langu lilitoka kiwandani na rimu za inchi 16, tairi 205/55 (upana milimita 205, urefu wa ukuta asilimia 55 ya upana huo). Nilipofunga mbele diski za milimita 355 na kalipa (vibanio vya diski) za pistoni sita, rimu hizo hazikuwa tena na pa kupita. Ikabidi nitafute kubwa zaidi, na kila muuzaji alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali: "Chukua 18, kaka, inaingia tu."

Kuingia kunategemea. Wengi huuliza ukubwa wa diski, ilhali diski haigusi chochote. Kinachogombana na rimu ni kalipa, tena sehemu mbili: mgongo wake unaotazama pipa la rimu (ule mviringo unaobeba tairi), na uso wake unaotazama spoki. Inchi zinamaliza ugomvi wa kwanza tu. Wa pili unaamuliwa na umbo la spoki. Nilijaribu rimu mbili za 18, upana uleule, ofseti ileile (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari). Moja ilipita vizuri, nyingine ikagonga kalipa hata kabla ya kukaa kwenye habu, kile kitovu ambapo gurudumu hufungwa.

Kwa hiyo nilipima kwanza. Kutoka katikati ya habu hadi mgongo wa kalipa nilipata milimita 203. Rimu ya inchi 17 ina nusu kipenyo cha milimita 216 pale tairi inapokalia, lakini ukitoa unene wa chuma na ule mbonyeo wa katikati ya pipa, hakibaki kitu. Hapo 17 ikawa imetoka.

Kwa upande wa spoki nilitumia mchoro wa kalipa, ule ambao watengenezaji wa breki hizi hutoa ili uuchapishe kwa ukubwa halisi. Pima kwanza mstari wa kipimo uliomo kwenye karatasi, maana printa nyingi hupunguza mchoro kidogo bila kukuambia, na hapa kidogo ndicho kila kitu. Niliubandika kwenye boksi gumu, nikaukata kwa wembe, nikawa natembea nao. Rimu unailaza uso chini, unaweka boksi ndani likae pale habu inapokaa, halafu unalizungusha taratibu spoki moja baada ya nyingine. Nilitaka nafasi isiyopungua milimita 3 kila mahali. Rimu niliyoipenda kuliko zote, yenye spoki zilizobonyea kwa ndani, ilikataa palepale.

Mwenye nayo akaniambia niweke speisa, kile kisahani kinachokaa kati ya habu na rimu. Speisa inasogeza rimu nzima kwenda nje, kwa hiyo kwenye spoki inasaidia kweli. Kwenye pipa haisaidii hata kidogo. Isitoshe inakula urefu wa stadi (bolti za habu zinazokazwa nati), na mimi sipendi nati iliyoshika nyuzi chache kwenye gari nililoliongezea breki ili nilikimbize.

Nilizochukua ni 8J (upana wa inchi 8) zenye ofseti 45, badala ya zile za zamani za 7J zenye ofseti 50. Hesabu yake haina ugumu: inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, nusu yake 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka kwa 5, maana yake rimu imehamia nje kwa 5. Ukingo wa nje ukatoka 17.7, wa ndani ukasogelea shokomzoba kwa 7.7. Nikaenda na rula kuangalia kama nafasi hizo zipo, chini ya madigadi na kando ya shokomzoba, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande.

Tairi nikaweka 225/40. Kipenyo kinatoka milimita 637 dhidi ya 632 za zamani, tofauti isiyofika asilimia moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Kuna aliyenisukuma niende 19. Ukuta wa tairi ungebaki mfupi mno, na shimo moja la barabarani linatosha kuipinda rimu ya namna hiyo.

Tundu la katikati la rimu hizi ni pana kuliko habu yangu, nikaweka ringi za kuziba ili rimu ikae katikati sawasawa. Nati nazo nilibadilisha, kwa sababu za zamani zilikuwa na kitako cha mviringo na rimu mpya zinataka cha koni.

Siku ya kufunga, fundi wa balansi alikuwa tayari ameshika zile risasi za kubandika, akilenga katikati ya pipa kama kawaida yake. Nilimsimamisha: "Fundi, hapo kalipa inapita." Nafasi ya milimita tatu haivumilii kipande kinene cha risasi. Akazihamishia karibu na ukingo wa ndani. Kisha tukazungusha kila gurudumu la mbele kwa mkono likiwa bado juu ya jeki, tukisikiliza, na baada ya safari ya kwanza nikakaza nati upya.

Spea tairi yangu bado ni ile ya inchi 16, na mbele haiingii. Nikipata pancha ya mbele, nitatoa gurudumu zima la nyuma nilipeleke mbele, na spea ifungwe nyuma, ambako breki ni zilezile za kiwandani. Kwa ajili hiyo natembea na nati za zamani kwenye buti.