Seva ya nyumbani Bukavu: nimechagua kwa wati

Wiki ya 1. Nina tovuti mbili ndogo, na nataka zikae kwenye kompyuta ya hapa nyumbani inayowaka muda wote, yaani seva. Moja ni ya methali za Kimashi nilizoziandika babu alipokuwa akisimulia, nyingine ni ya picha za nguo anazoshona mama mdogo. Ni kurasa za maandishi na picha tu, kwa hiyo kasi ya prosesa hainisumbui. Kinachonisumbua ni umeme wa hapa Ibanda unaokatika.

Mezani kuna mashine tatu. Laptopu yangu ya zamani niliitaka kwa sababu ina betri yake ndani, lakini nilipofungua kifuniko nikakuta betri imevimba kama andazi. Hiyo basi. Zimebaki Dell Wyse 5070, kompyuta ndogo ya mezani ya okazyo (iliyokwisha kutumika) niliyoonyeshwa Kadutu, na Raspberry Pi 4, kompyuta ya bamba moja dogo ambayo rafiki yangu haitumii tena.

Wiki ya 2. Dell niliipenda: haina feni, na diski inaingia ndani kabisa. Ila adapta yake inatoa volti 19 na ushee. Ili niiwashe na adapta hiyo kwa betri ya volti 12 umeme ukikatika, ningehitaji inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na inveta nayo inakula umeme hata kabla ya mashine kuonja. Pi inataka volti 5, kazi ya kigeuzi kidogo cha kukaa kiganjani. Pi 5 sikuitafuta, maana adapta yake ni ya ampea 5 na inapata joto zaidi.

Kipima wati: Pi pamoja na diski ya SSD ya USB, wati 5. Kadi ya kumbukumbu nimeiacha makusudi. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika, na yangu moja ilishakufa hivyo.

Betri ya pikipiki, volti 12 kwa ampea-saa 7, ni wati-saa 84. Betri ya risasi kama hii haifai kushushwa chini ya nusu, basi hesabu 42. Zaidi ya saa 8! Nililala nimefurahi. Asubuhi umeme ukakatika, seva ikabaki inawaka vizuri, tovuti hazifunguki. Ruta, kile kifaa cha kuleta intaneti nyumbani, ilikuwa imezimika. Sikuihesabu kabisa.

Ruta ni wati 6. Jumla 11, na saa 8 zikawa chini ya 4. Nimenunua betri ya ampea-saa 26, sasa hesabu inanipa kama saa 14.

Wiki ya 3. Ruta inaonyesha anwani ya intaneti inayoanza na 100.72. Hiyo ni anwani ya kushirikiana na wateja wengine, mtu wa nje hawezi kunigongea mlango. Nikakodi mashine ndogo Ulaya, dola 4 kwa mwezi, na seva yangu inaunganishwa nayo kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri ndani ya intaneti; wageni wanaingilia huko hadi nyumbani. Mdogo wangu akauliza:

– Yaya, kama unalipa huko, si uziweke tovuti hukohuko?

Jibu la maana sikuwa nalo. Nilimwambia methali za babu zitalala nyumbani, akacheka.

Wiki ya 4. Jana usiku giza lilikaa saa 6, tovuti zikafunguka muda wote. Mama mdogo amelalamika jambo moja tu: taa ya kijani inapepesa ukutani kwake asipate usingizi. Leo nimeibandika utepe mweusi.