Kabla ya kuiondoa gesi kiwandani, pima joto unalolihitaji

Mijadala mingi kuhusu kuachana na gesi viwandani huanza kwa kuuliza ni nishati gani itachukua nafasi yake, kana kwamba joto lote ni la aina moja. Maziwa husafishwa vijidudu kwa nyuzi joto 72 ndani ya sekunde 15 tu, ilhali klinka, yaani vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, huhitaji tanuri la nyuzi 1,450, na sioni kwa nini kazi hizo mbili zitafutiwe jibu moja. Mimi huona heri kuanza na swali jingine: joto linahitajika kwa kiwango gani, katika sehemu ipi ya mtambo, na kwa saa zipi?

Gesi ndiyo iliyotuzoesha kutouliza. Mwali wake unaweza kukaribia nyuzi 1,900, nao katika viwanda vingi hutumika kuchemsha maji ndani ya boila moja kubwa, kisha mvuke wa nyuzi 180 hivi husambazwa kwa mabomba kila kona, hata pale ambapo kazi yenyewe ni kuosha au kukausha kwa nyuzi 60 au 90. Boila ya gesi haijali sana tofauti hiyo, lakini pampu ya joto inaijali mno.

Pampu ya joto hufanya kazi kama jokofu: hufyonza joto mahali lisipohitajika, tuseme kwenye maji machafu ya nyuzi 30, na kulipandisha hadi kiwango kinachofaa. Kanuni za fizikia zinaonyesha kwamba kutoka nyuzi 30 hadi 90, uniti moja ya umeme haiwezi kutoa zaidi ya uniti 6 za joto, na mashine halisi hufikia takribani nusu ya hapo, yaani 3. Ukidai mvuke wa nyuzi 150 kutoka kwenye maji yaleyale, unabaki na uniti 1.8 hivi. Sasa tuchukulie kwamba umeme ni ghali mara tatu kuliko gesi, na kwamba boila iliyopo ina ufanisi wa asilimia 90: pampu itashinda kwa gharama za uendeshaji iwapo tu itatoa zaidi ya uniti 2.7. Mashine ya nyuzi 90 inapita, ya nyuzi 150 inashindwa, ingawa ni teknolojia ileile, bei ileile na kiwanda kilekile. Ndiyo maana naamini kwamba kuhama kutoka mvuke kwenda maji ya moto ni uamuzi mzito kuliko kuchagua chapa ya mashine, japo una gharama yake, kwa sababu joto la chini hudai vibadilisha joto (vifaa vinavyopitisha joto kutoka kwenye maji au mvuke hadi kwenye kinachopashwa) vyenye eneo kubwa zaidi.

Mahali ambapo mvuke hutoka kwenye kimiminika kinachochemshwa, kama katika kukoleza maziwa au kutengeneza chumvi, kuna njia bora zaidi: mvuke huo hugandamizwa kwa kompresa na kurudishwa kuchemsha kimiminika kilekile, na uniti moja ya umeme inaweza kufanya kazi ya uniti 10 au zaidi za joto.

Jua nalo hufaa pale joto linalotakiwa ni la chini na mbingu ni safi, kama kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral huko Chile, ambao tangu 2013 hupata maji ya moto kutoka kwenye paneli za jua. Jotoardhi na makapi ya miwa ni baraka kwa aliye karibu navyo, na sina mengi ya kuongeza hapo.

Kwa joto la juu, kinachonivutia ni matofali yanayopashwa kwa umeme saa ambazo umeme ni rahisi, kisha hutoa hewa moto au mvuke baadaye. Wanaoyatilia shaka wakumbuke kwamba viwanda vya chuma vimehifadhi joto ndani ya matofali tangu Edward Cowper alipobuni majiko yake mwaka 1857.

Haidrojeni ningeiweka mbali na boila. Kuizalisha kwa umeme hupoteza karibu theluthi ya nishati, na kuichoma hupoteza nyingine, hivyo uniti moja ya umeme huishia kuwa 0.6 ya mvuke. Nafasi yake ni katika kuondoa oksijeni kwenye madini ya chuma, jambo ambalo mradi wa HYBRIT nchini Sweden ulilifanya mwaka 2021, kwa sababu hapo haidrojeni inahitajika kama kemikali. Saruji ina tatizo jingine kabisa: zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, hata tanuri liwashwe kwa nini.

Linalosahaulika mara nyingi ni laini ya umeme. Boila ya umeme ya megawati 10 huhitaji megawati 10 kutoka gridi, ilhali pampu ya joto ya nyuzi 90 huhitaji kama 3.3 kwa joto lilelile, na kwa hiyo anayeomba kuongezewa umeme kabla ya kupima mahitaji yake huenda akalipia transfoma kubwa mara tatu kuliko inayomtosha.