Skripti ya komedi ilikuwa haichekeshi, nilivyoirekebisha

Kama unaandika komedi na washkaji wakisoma wanakwambia tu "iko poa kaka", hiyo haikusaidii kitu. Mimi kilichonitoa ni kubadilisha namna ya kuomba maoni. Siwatumii tena wasome kimya kwenye simu, tunakaa watu wanne watano, wanagawana wahusika wanasoma kwa sauti, mi natulia na kalamu yangu, sielezi wala sitetei, wakicheka natia alama, mtu akishika simu natia alama nyingine.

Kuna sini, yaani kipande kimoja cha skripti, mwenye nyumba anagonga anadai kodi, mpangaji yuko chini ya kitanda anajibu "Hayupo!", akiulizwa kaenda wapi anasema "Hajaniaga huyo jamaa alivyotoka asubuhi". Kimya. Dada mmoja akasema kata, ishia "Hajaniaga". Tukasoma upya, chumba kizima kicheko! Kinachochekesha kikae mwisho wa sentensi, ukiendelea kuongea unawakatiza watu.

Halafu usiwaulize "imechekesha?", waulize "ulichoka wapi, ulipotea wapi", hapo ndo wanafunguka kweli, na hata kama suluhisho lao hulipendi, ile sehemu waliyoionyesha ina tatizo, iandike upya.