Nani alikuwa akiwalipa askari wa 1896?

Kila mtembeza wageni wa Mji Mkongwe ana maneno yake ya dakika 38. Tukifika mbele ya Beit al-Sahel, kasri ya zamani ya masultani, simu zinatolewa, unawaambia hapa ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, wanacheka kidogo, halafu wanaulizia urojo. Na mie nimeyasema mpaka nimeyachoka. Kinachonikera ni picha anayoondoka nayo mgeni: huku Waingereza na manowari zao, kule Wazanzibari na Sultani wao. Asubuhi ile ya tarehe 27 Agosti 1896 Wazanzibari wenye bunduki walikuwepo pande zote mbili, na wote walikuwa wakihesabiwa askari wa Seyyid.

Mara ya kwanza kulisema hili barazani Malindi alikuwepo mzee mmoja jirani yetu, mwanajeshi mstaafu. Kazi yake huko jeshini ilikuwa stoo na mishahara, hakuwa mtu wa mizinga. Akanisikiliza, akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, acha kuuliza nani kaamrisha. Uliza posho inatoka mkononi mwa nani." Tangu siku hiyo kila ninachokisoma kuhusu majeshi ya Seyyid nakisoma kwa swali lake.

Tuanzie Ngome Kongwe, ambako siku hizi tunakwenda kusikiliza muziki. Zama za Seyyid Said bin Sultan humo walikaa Wabalushi, askari wa kulipwa waliotoka Baluchistan, kama walivyokaa Ngome ya Mombasa. Kila kundi lilikuwa na jemadari wake, na mtu wa kawaida alimjua jemadari kabla ya kumjua Sultani, kwa kuwa posho yake ilipitia kwa jemadari. Pembeni yao walikuwepo Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut, na vita vikiwa vikubwa waliitwa watu wa makabila ya Kiarabu, kila watu na mkubwa wao. Ukitaka kujua jeshi la namna hiyo linavyofanya kazi, liangalie Siyu. Seyyid Said alimpeleka Hamad bin Ahmed na jeshi kubwa kisiwani Pate kumtia adabu Bwana Mataka, mkubwa wa Siyu. Mwaka 1845 Hamad akauawa huko huko, na jeshi likavunjika likarudi. Mimi naona sababu si woga. Vikundi vile vilikuwa vimefungwa pamoja na mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka kila kundi likabaki na mkubwa wake, hakuna wa kuwaambia wote "simameni".

Mombasa ndiyo hadithi ninayoipenda zaidi, ingawa wageni wangu huwa hawaiombi. Mjini alikuwepo liwali, yaani gavana wa Sultani. Ndani ya ngome alikuwepo akida, mkuu wa askari, Muhammad bin Abdallah Bakhashwein, na watu wake. Mji mmoja, wakubwa wawili, na mwenye kuta na mizinga ni yule wa pili. Akida alipoasi, Seyyid Barghash, Sultani wa wakati huo, hakuwa na kikosi cha kumtoa, maana kikosi chake cha Mombasa ndicho hicho kilichoasi! Januari 1875 meli mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome mpaka akida akasalimu amri. Barghash akajifunza kwamba anahitaji jeshi lisilokuwa la jemadari wala akida.

Mwaka 1877 akapata la namna hiyo, au alidhani amelipata. Luteni Lloyd Mathews, kijana wa jeshi la majini la Uingereza kutoka manowari iliyoitwa London, alipewa kazi ya kuunda kikosi cha kudumu. Akawaandikisha Waafrika wa hapa hapa, akawapigisha gwaride, akawapa bunduki za Snider zinazotiwa risasi kwa nyuma, wakati wengi walikuwa bado na magobori. Sasa kukawa na ngazi zinazoeleweka: askari, afande wake, afande wa afande, mpaka kwa Mathews. Na juu ya Mathews? Barghash alijua jibu, na John Kirk, balozi wa Uingereza, naye alijua jibu, ila sidhani kama yalikuwa jibu moja.

Kwenye msafara mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko gwaride. Jeshi hili lilikwenda Mamboya, huko Usagara, mwaka 1880, na mwaka 1882 likapanda Mwele, kwenye vilima nyuma ya Gazi, kumfukuza muasi Mbaruk bin Rashid Mazrui. Huko hakukuwa na gari wala punda wa kutegemea. Risasi, mchele, mahema, vyote vilikwenda kichwani na begani kwa wapagazi, na wapagazi walikuwa na utawala wao wa zamani kuliko jeshi lenyewe. Kirangozi anatangulia, ndiye anayejua njia na maji, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Nyuma yake wanyapara, kila mmoja na watu wake anaowajibu na wanaomjibu. Afande anaweza kuamrisha "tembea" mpaka sauti imkauke. Wanyapara wakiamua mizigo imetuliwa, imetuliwa. Mzee wetu wa stoo nilipomweleza haya alicheka mpaka akakohoa, akasema hata enzi zake dereva wa lori la chakula alikuwa na cheo asichoandikiwa popote.

Mie kwetu Wete, kwa hiyo sitaipita Pemba. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa meli ya London aliuawa kwenye bahari ya Pemba alipojaribu kulikagua jahazi la Hindi bin Khatim lililobeba watumwa. Aliyekwenda kumsaka Hindi hakwenda na mabaharia wa Kiingereza. Alikuwa Mathews na askari wa Barghash. Hindi akakamatwa akiwa na majeraha, akafa kwayo. Muuaji wa kapteni wa Malkia anasakwa na jeshi la Sultani: hapo mtu angeweza kuanza kuuliza jeshi hili ni la nani.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 hazina ikatoka mikononi mwa Sultani, akapangiwa fungu lake, na Mathews akawa Waziri wa Kwanza. Swali la posho likajibiwa kimya kimya. Seyyid Hamad bin Thuwaini, aliyetawala kuanzia 1893, aliliona hilo vizuri kuliko wanavyomsifia. Akapata kikosi chake cha kulinda kasri, Waingereza wakamkubalia watu 1,000. Haukupita muda wakawa wanagombana na polisi wa Waingereza mitaani. Mji mmoja, wakubwa wawili, kama Mombasa.

Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad akafa ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya balozi, na walinzi wale, chini ya Kapteni Saleh, wakawa wake. Ndani walikusanyika kama watu 2,800, wengi wao raia na watumishi, askari hasa kama 700. Walikuwa na bunduki za rashasha za Maksimu kadhaa, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili iliyotoka kwa Kaisari wa Ujerumani. Nje, Mathews na Balozi Basil Cave walikuwa na askari wa Kizanzibari 900 chini ya Arthur Raikes, luteni wa Kiingereza aliyepewa cheo cha brigedia jenerali hapa kwetu. (Fikiria kuruka ngazi zote hizo kwa kuvuka bahari.) Saa tatu na dakika mbili asubuhi manowari za Kiingereza za Admirali Rawson zikaanza kupiga. Mizinga ilipokuwa ikilia, watu wa Khalid waliwapiga risasi askari wa Raikes waliokuwa wakisogelea kasri. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa ni kama 500. Upande wa Waingereza, baharia mmoja wa manowari Thrush alijeruhiwa vibaya.

Jioni ile Hamoud bin Mohammed, aliyetakiwa na Waingereza, alikuwa Sultani, na Khalid na Saleh walikuwa ndani ya ubalozi wa Ujerumani.

Na mzee tumebishana hapa, bado tunabishana. Mie nasema wale 900 wa Raikes walijua wanakwenda kumpiga mtoto wa Barghash, mtu aliyeliunda jeshi lao. Yeye anasema askari anasikia sauti ya afande wake tu. "Sawa mzee," nikamwambia, "lakini na wale wa Saleh walisikia sauti ya afande wao." Akasema ndiyo, ila wale afande wao hakuwa na hazina.