Makaburi mawili, blanketi moja

Juzi binti yangu alikuwa akipekua picha zangu za zamani, akaduwaa kwenye moja na kuniuliza: "Mama, mbona hawa wawili wamefunikwa blanketi moja?"

Halikuwa blanketi. Ni majani ya mmea utambaao, yaliyofunika kaburi la mchoraji Vincent van Gogh na la mdogo wake, Theo, huko Auvers-sur-Oise, kaskazini mwa Paris.

Nilifika huko kwa treni, Jumapili moja ya Julai, miezi minne tangu tumzike mdogo wangu. Mji wenyewe ni mdogo, nao umejulikana duniani kote kwa sababu ya mgeni aliyeingia tarehe 20 Mei 1890, akakaa siku 70 tu, na katika siku hizo akachora picha zaidi ya 70. Nilipanda hadi chumba cha darini alimofia, katika nyumba ya wageni ya Ravoux, kisha nikapita kanisani. Katika picha yake iliyoko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho huko Paris, kuta za kanisa hilo zinapinda kama zinazopumua. Pale lilisimama wima, jiwe tupu.

Makaburini ndiko nilikokawia. Mawe mawili madogo yanayofanana yameegemezwa ukutani, na mbele yake majani yametanda mfululizo, hata nilipopiga magoti kutafuta mahali kaburi moja linapokoma na jingine linapoanza, sikupaona. Nilipenyeza vidole katikati ya majani: chini yake kulikuwa na ubaridi na unyevu, ilhali jua la saa saba lilikuwa likinichoma shingo. Theo ndiye aliyekuwa akimtumia kaka yake fedha, rangi na turubai, naye alifariki miezi sita tu baada yake, huko Uholanzi. Mwaka 1914 mjane wake, Johanna, aliyahamishia mabaki yake hapo.

Mdogo wangu aliacha shule akaingia gereji ili mimi nisome. Shukrani zangu alizipata kwa simu tu, harakaharaka, vocha ikikaribia kuisha. Pale chini nilimwambia yaliyobaki, kwa sauti, kwa Kiswahili, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na maua alisimama kando akaningoja nimalize.

"Mkubwa ni yupi?" binti yangu aliuliza.

"Huyu wa kushoto."

Akaitazama tena picha. "Na mjomba, yeye amelala na nani?"

Nilimwambia kwamba Desemba tutakwenda Tanga.