Siku moja labo, Katuba, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi niko ndani ya taksibasi kutoka Ruashi, mikono makwapani kwa baridi ya mwezi wa sita. Saa 1 nafungua labo. Hadi saa 4 ni tone nene za malaria, mkojo, choo, hemoglobini, rejista. Majirani wanasema laborantini ni mchoma vidole tu. Haya.

Saa 4 natoa sahani za bakteria zilizolala kwenye joto la digrii 37. Hapa ndipo napenda kazi yangu. Nachota koloni kidogo, yaani kifungu cha bakteria, naipaka kwenye kioo, nadondoshea maji ya oksijeni (hidrojeni peroksaidi). Povu likitoka, nafikiria stafilokoki; pakitulia, streptokoki. Kinachotoa povu ni katalase, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Najihadhari nisikwangue damu iliyomo kwenye sahani, kwa sababu nayo ina katalase na itanidanganya.

Saa 5 na kitu akaingia mama mmoja na baba yake mzee, miguu imevimba. Karatasi ya daktari inasema kreatinini na potasiamu, vipimo vya kuangalia figo. Mama anataka nifute zote mbili, nipime antioksidanti, vile vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe na oksijeni.

"Hatuna kipimo hicho, mama."

"Labo gani hii? Papa anameza vidonge vya antioksidanti vya dola 40. Muuzaji amesema vinasafisha moyo na kuzuia kansa. Nataka kuona kama vimeingia."

Foleni inarefuka, umeme umekatika, jenereta haijawaka. Nikamweleza. Seli zikitumia oksijeni, sehemu ndogo yake hugeuka supaoksidi, aina kali ya oksijeni, ambayo inaweza kuharibu mafuta na DNA. Mafuta ya LDL, yanayobeba kolesteroli kwenye damu, yakiharibika hivyo, huchangia kuziba mishipa ya moyo. DNA ikiharibika, kansa inaweza kuanza. Lakini mwili una walinzi wake. Kuna kimeng'enya dismutase, kilichotambuliwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, kinachogeuza supaoksidi kuwa peroksaidi. Katalase na glutathioni peroksidase humalizia. Aina moja ya dismutase hubeba shaba na zinki (shaba, hata ndani ya damu, sisi Wakatanga, watu wa migodi ya shaba!). Peroksidase inataka seleniamu. Kule Keshan, China, watu waliokosa seleniamu katika chakula waliugua moyo. Ila vimeng'enya hivyo seli hujitengenezea zenyewe. Ukivimeza, tumbo linavisaga kama nyama yoyote.

"Kwa hiyo vya papa ni bure?"

Nilikuwa nimeshamtoa mzee damu. Tone lililobaki kwenye sindano nikaliweka kwenye kioo, nikaongeza maji ya oksijeni. Likafura povu hadi ukingoni.

"Umeona? Katalase ya papa ipo."

"Basi vidonge vinafanya kazi!"

Yesu wangu. Nikajichoma kidole. Damu yangu nayo ikatoa povu lile lile, nami sijawahi kununua kidonge hicho. Akanitazama kwa jicho la pembeni: "Labda unavimeza kwa siri."

Watu wa foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia habari ya Finland: wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini, antioksidanti ya vidonge. Mwaka 1994 matokeo yakatoka: kansa ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa walioimeza. Hata seli ya kansa yenyewe huweza kujikinga kwa vimeng'enya hivi hivi. Jambo si kurundika tu.

Mzee ndiye aliyekata maneno. "Dawa ya presha niliiacha tangu hivi vya dola 40 vije. Pesa haikutosha vyote viwili. Mutoto, pima kile dokta aliandika."

Nikanyamaza. Yule mama naye akanyamaza.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Jenereta iliwaka, mashine ya kuzungusha damu ikaunguruma, bukari na lengalenga nikala nimesimama, mtoto mmoja akanitapikia blauzi. Majibu ya mzee yalikuwa tayari jua likianza kushuka. Nikayatia kwenye bahasha, nikamwambia mama ampeleke kwa daktari leo leo, na aseme waziwazi kwamba dawa ya presha iliachwa.

"Na yale matone ya povu, yaya, ni faranga ngapi?"

"Bure, mama."

Akatoa ile chupa ya vidonge mkobani, akaisogeza mezani. Anauliza kama naweza kumtafutia mnunuzi.