Kifua kubana kwenye mbio za asubuhi ya baridi: nilivyotatua

Mimi na jamaa yangu hushindana kilomita 5 kila Jumapili saa 12 asubuhi, tukizunguka Capri Point, hapa Mwanza. Mvua ikinyesha usiku, nilikuwa naumbuka: dakika ya pili tu kifua kinabana, koo linawaka, vigimbi vimekaza kama kamba ya mtumbwi.

Nilijaribu chai ya tangawizi (karibu nitapike), kisha sweta mbili. Nililowa jasho, baridi ikazidi.

Kilichosaidia ni kupasha mwili dakika 15: kukimbia polepole mpaka kijasho kitoke mgongoni, halafu mikimbio minne mifupi ya kasi. Na hili nililijua zamani! Kosa lilikuwa baada ya hapo: nilivua sweta, nikasimama dakika kumi namngoja mwenzangu afunge kamba za viatu, mwili ukapoa wote. Sasa sweta nalivua dakika moja kabla ya kuanza, namwachia mama muuza vitumbua. Mita 500 za kwanza nazikimbia kwa kujizuia, navuta hewa kwa pua.

Jumapili iliyopita nilimwacha kwa sekunde nane. Anadai viatu vyake vilikuwa vimelowa.